Kasoro Juu

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu Kinanda,

Pokea salamu pamoja na makreti ya mwisho ya msimu. Barua nimempa dereva wetu Breki mkononi, nikamwapisha akukabidhi kabla hajashusha mzigo. Simu yako siku hizi ukiipokea unaongea kama mtu aliyejificha kabatini, na mimi nina maneno mengi.

Mvua imeshaanza kunukia huku. Shemeji yako anasema ikishuka tu, hatutachuma tena mpaka baridi ipite. Nyanya hizi ngozi yake bado ni nzuri, ila usizikalishe. Nimezipanga kama Baba alivyotufundisha: zilizopinda, zenye makovu na zilizodonolewa na ndege ziko juu, na kadiri unavyoshuka ndivyo zinavyozidi kupendeza. Ukimkuta mfanyakazi mgeni hapo dukani kwenu anazigeuza ili nzuri zikae juu, mwambie aache. Wateja wetu wameshazoea, wametubatiza hata jina, Kasoro Juu. Mtu akiona kovu juu ya kreti lenye mstari mweupe, anajua chini hakuna cha kuogopa. Ndiyo maana hata nyanya zinapojaa kila mahali mpaka watu wanalisha mbuzi, zetu bado zinashika bei. Baba hakutuachia shamba kubwa. Alituachia upangaji huo na mbegu zake, na hivyo viwili vimenilisha mpaka leo.

Makreti yakishakuwa matupu, mpe Breki ayarudishe yote. Shemeji yako anataka kuyapigilia misumari na kuyapaka upya ule mstari wakati wa mvua. Bila kazi ya mikono atashinda ndani akinisahihisha ninavyopika.

Msalimie wifi. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, na yule mdogo aache kula udongo.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Dada yangu,

Mzigo ulifika salama. Breki naye alifika, na kidogo aingie ghalani bila kufunguliwa mlango. Nyanya ziliisha upesi kama kawaida. Mpishi wa shule, yule mama anayezisemesha mboga kama anasemesha watoto, alichukua kreti zima na akasema nikusalimie.

Tangu mvua ianze, idara ya mboga imekuwa wodi ya wagonjwa. Mchicha unafika umelala. Kabichi ukizikata zina matope mpaka moyoni. Hoho zimepanda bei mpaka watu wanazishika, wanazitazama, wanazirudisha taratibu kama wamegusa kitu cha watu. Karoti tu ndizo zinatusitiri. Nyanya zinatoka mbali, zimelala vyumba vya baridi siku nyingi, nyekundu nje na nyeupe ndani, harufu hazina. Na bei yake ni mara tatu ya zako. Mteja analipa zaidi ili ale vibaya zaidi, ndivyo msimu ulivyo.

Meneja kila asubuhi anasimama mbele ya rafu yako tupu, anaitazama kama mtu anayetazama pengo la jino lake. Anasema rafu tupu humfundisha mteja njia ya kwenda duka la jirani. Anataka mkuu mpya wa idara kabla ya Aprili kuisha, na jina langu limetajwa. Niombee.

Makreti nimeyaweka ghalani. Gari la Breki lilikuwa limejaa, haikubaki hata nafasi ya kuku. Yako mahali pakavu, usiwe na wasiwasi.

Mdogo wako, Kinanda


Tarehe 22 Aprili

Kinanda,

Breki ameniambia umepewa ukuu wa idara. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka shemeji yako akaja mbio akidhani nimeungua. Hongera sana, mdogo wangu. Wewe uliyekuwa unalia siku nzima mpaka tukakuita Kinanda, leo unavaa tai na watu wanakuuliza bei. Baba angekuwepo angejifanya hajali, halafu angekwenda kwa majirani mmoja mmoja kuwaambia.

Huku mvua inashuka haina adabu. Nimesia mbegu za Baba kwenye kitalu, na shemeji yako ameziezekea karatasi ya nailoni ili matone yasizivunje shingo. Zimeota vizuri. Mbegu hizi kila mwaka nazitoa kwenye nyanya nzuri kuliko zote, nazianika kwenye sahani dirishani, na kila mwaka naogopa kama mtoto wa shule kwamba safari hii hazitaota. Zinaota.

Naona nikukumbushe makreti. Breki anasema safari ile alirudi na gari tupu, likawa linarukaruka njia nzima. Labda amechanganya siku, unamjua kichwa chake. Akija tena mpe.

Nakuletea mayai ya watoto nikipata nafasi. Chema chajiuza, na wewe umejiuza vizuri.

Dada yako anayejivuna


Tarehe 13 Mei

Dada,

Asante kwa pongezi. Kazi ni nyingi na usingizi ni mchache. Ninapoingia ghalani asubuhi kila mtu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeleta mvua.

Kuna jambo nimesita kukuandikia, lakini bora ulisikie kwangu kuliko kwa mwingine. Wateja wanalalamika juu ya nyanya zetu. Wanasema ngozi imekuwa nyepesi, zinaoza upesi, ndani ni maji. Wengine wamerudisha. Najua wewe utaniambia ni zile zile, na mimi nimekutetea, lakini mteja haangalii jasho la mtu, anaangalia sahani yake. Meneja ameanza kuuliza.

Nimefikiri sana. Nadhani mbegu ya Baba imechoka. Dunia imekwenda. Kuna mbegu mpya ya dukani, ngozi ngumu, inavumilia safari na joto, haichubuki hata ukiiangusha. Wakulima wengine wote wanaoleta hapa wamehamia huko. Ukianza nayo sasa, utaingia msimu ujao na sura mpya, na mimi nitakuwa na la kumwambia Meneja.

Usinikasirikie. Nasema kwa faida yako.

Kinanda


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

Kwanza nilisema haiwezekani, mara ya mwisho nimeleta nyanya mwanzo wa Machi. Halafu nikasema labda watu wanazikumbuka hizo hizo, na labda zilikuwa na kasoro ambayo sikuiona. Nikaanza kurudi nyuma. Labda nilichuma mapema. Labda nilikuwa na haraka ya mvua. Usiku wa kwanza nilimlaumu shemeji yako, nikamwambia ndiye aliyezimwagilia maji mengi wiki ya mwisho. Alichukua mto wake akaenda kulala kwenye chumba cha majembe, na mpaka leo tunaongea kama wapangaji.

Unajua kinachoniuma? Nimekuwa nikiwacheka wanaoweka nzuri juu. Nimejitamba mbele ya watu kwamba kreti langu halimdanganyi mtu. Kumbe watu wamefungua, wamefika chini, na chini ndiko kulikooza. Nimeona aibu hata kupita barabarani.

Nimekusikiliza. Jana nimeing'oa miche ya Baba, kitalu chote. Ilikuwa imefika kimo cha kuhamishia shambani. Mbegu zilizobaki kwenye kopo nimewamwagia kuku, kwa sababu zikibaki ndani najua moyo utanirudisha. Ile mpya nimeagiza. Shemeji yako alisimama mlangoni akinitazama ninavyong'oa, akasema neno moja tu: "Haraka." Nikaendelea kung'oa.

Wewe ndiwe unayeona nyuso za wateja, mimi naona majani tu. Nimekuamini.

Dada yako


Tarehe 29 Mei

Dada yangu mpendwa,

Umefanya jambo la busara, na najua halikuwa jepesi. Nimemwambia Meneja kwamba dada yangu anabadilisha mbegu na amefurahi. Anasema mkulima anayekubali kosa ni wa kushika kwa mikono miwili. Kwa hiyo rafu yako ipo, wala usiogope.

Patana na shemeji. Mwambie msimu mbaya hupita.

Bei za mboga bado ziko juu ya paa. Vitunguu vimeanza kushuka kidogo. Usihangaike kusafiri na matope haya, makreti nitakuletea mwenyewe Julai.

Kinanda


Tarehe 12 Juni

Ndugu,

Jana nilikuja. Hukuniona.

Nilipata lifti ya mapema, nikasema nikushtukize, nichukue makreti yangu na niwaone watoto. Nilikuja na trei ya mayai. Niliingia kwa mlango wa wateja kwa sababu nilitaka, kwa mara ya kwanza, kuiona rafu yetu kama mteja anavyoiona, japo nilijua nitaikuta tupu.

Haikuwa tupu. Makreti yangu yalikuwa pale yamepangwa mawili mawili, mstari mweupe umegeuziwa watu, yamejaa nyanya mpaka ukingoni. Juu yake kibao kimeandikwa "Kasoro Juu". Mwezi wa sita, wakati mimi nyumbani sina hata nyanya ya kutia kwenye mchuzi wangu.

Kwanza, na hili ndilo linalonichekesha kwa uchungu, nilifikiri nimesahau. Nilisimama nikijiuliza lini nilizileta.

Halafu nikaangalia juu. Juu zilikuwa nzuri. Zote duara, zote zinang'aa, hakuna kovu wala alama ya ndege. Umelelewa na upangaji wa Baba, ukachapwa kila ulipoukosea, na hata kuniibia ulishindwa kuniibia sawasawa. Nikaingiza mkono chini kama mnunuzi yeyote. Vidole vilitoka vimelowa.

Mwanamke aliyekuwa pembeni yangu na kikapu akanigusa bega. Akaniambia, "Mama, hizo achana nazo."

Nikamwuliza, "Kwani si zile za Kasoro Juu?"

"Zilikuwa. Siku hizi mwenyewe ameshaujua mji. Zamani ukifungua kreti lake unacheka kwa ubaya wa zile za juu, ukifika chini unamshukuru. Sasa tazama zinavyong'aa. Mimi nawapikia wanafunzi. Mwezi wa nne nilimwaga sufuria nzima, watoto wakala chakula kikavu, na mimi ndiye niliyesemwa."

Nikamwambia huenda si zake.

"Kreti ni lake," akasema. "Tena nilimwuliza mkuu wa mboga, ni mdogo wake tumbo moja. Akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia dada yake amelegea, umri umekwenda, shamba limemshinda."

Wakati huo huo ulipita mwisho wa rafu na tai yako, unacheka na mtu. Ulikuwa umebeba karatasi. Ningeweza kukuita. Kinanda, ningekuita, na ungeitika, maana hakuna mtu mwingine duniani anayekuita hivyo isipokuwa mimi. Badala yake nilinunua kilo moja ya nyanya zangu nisizozilima, nikalipa kwenye foleni kama watu wote, kwa bei ambayo mimi sijawahi kulipwa.

Mayai nilimwachia mlinzi wa mlangoni. Sikujua niyafanye nini.

Njia nzima ya kurudi sikuwa nafikiria zile nyanya za chumba cha baridi. Duka ni duka, lina ujanja wake. Nilikuwa nafikiria barua yako ya Mei. Ulijua. Ulikaa ukachukua kalamu, ukaniandikia mimi kwamba mbegu ya Baba imechoka, huku unajua kilichooza ni kile ulichomimina wewe kwenye kreti langu. Uliniacha nigombane na mume wangu. Uliniacha niing'oe miche kwa mikono yangu, ukaniandikia kwamba ni busara.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikilisema hilo kama wimbo, sikujua lina meno.

Nataka unieleze kwa nini.

Mimi


Tarehe 16 Juni

Dada,

Mlinzi alinipa mayai nikajua.

Nisikilize kabla hujanihukumu. Rafu ikikaa tupu msimu mzima wa mvua wanampa mtu mwingine, na ungerudi na nyanya zako usingekuta pa kuziweka. Nilikuwa nakushikia nafasi. Meneja alisema jina lako ndilo linalouza, si nyanya, na kwamba mteja hajui msimu, anajua kibao. Nilianza na kreti moja tu. Liliisha asubuhi hiyo hiyo. Akaniuliza, "Kesho je?" Na siku hizo ndizo alikuwa anachagua mkuu wa idara. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Malalamiko yalipoanza, Meneja aliuliza kosa ni la nani. Yeye mwenyewe anajua lilipoanzia, lakini anataka jibu la kuwapa wateja. Nikaona lawama ikibaki dukani nitafukuzwa mimi, nina watoto wadogo. Ikienda shambani, huko hakuna wa kukufukuza. Ndivyo nilivyofikiri. Na nilijua utaumia kidogo halafu utapona, wewe siku zote unapona. Hili la umri nilisema ili yule mpishi aondoke mbele yangu, halikuwa la moyoni.

Mbegu sikukuambia uzimwage. Nilidhani utajaribu kidogo pembeni. Nilipoona umeng'oa zote niliogopa, na nikiogopa naandika vizuri, unanijua. Nitakununulia nyingine yoyote unayotaka.

Makreti yanakuja na Breki wiki hii, nimeyaosha mwenyewe. Nakuomba jambo moja tu, usimwambie yule mpishi. Akimfikia Meneja na maneno hayo mbele ya watu, atanitoa mimi kafara. Tuyamalize sisi kwa sisi, damu ni nzito.

Mdogo wako, nisamehe


Tarehe 9 Septemba

Kwa mdogo wangu,

Nimekawia kukujibu kwa sababu kila nilipoanza nilikuwa naandika matusi, na karatasi ni ghali.

Makreti yalifika. Kweli umeyaosha, yananukia sabuni. Shemeji yako aliyapanga uani na tukayatazama kama wageni wasiotakiwa. Nimeukwangua ule mstari mweupe kwa kisu, ubao kwa ubao. Nimebakiza kreti moja.

Sasa ni msimu wa neema, unajua kulivyo. Nyanya ziko kila mahali, zinamiminwa pembeni mwa barabara, bei imelala chini na hakuna wa kuiamsha. Miaka yote msimu kama huu ndipo jina letu lilikuwa linanibeba. Mwaka huu nauza hapa getini kwetu kwa bei ile ile ya kila mtu, na wengine wananipita. Hiyo mbegu yako mpya imezaa, siwezi kusema uongo. Ni nyanya ngumu, zimefanana kama vifungo vya shati, ukiiangusha inadunda. Hakuna ya kuweka juu wala ya kuweka chini. Mtu akiuliza utamu, namwambia ukweli, na akicheka nacheka naye.

Nilikwenda kwa mpishi wa shule. Uliniomba nisiende, nimekwenda. Lakini wewe sikukutaja. Nilimwambia tu kwamba mimi ndiye mwenye makreti, kwamba mwezi wa nne sikuwa na nyanya hata moja, na kwamba sijazeeka. Alifuta mikono, kidole kwa kidole. Halafu akaniuliza kama nina ndugu mwingine zaidi ya yule. Nikamwambia sina. Sasa ananunua kwangu kidogo kidogo. Anazimimina zote mezani kabla ya kulipa, anazikagua moja moja, na mimi nasimama nangoja. Zamani alikuwa hafungui hata kreti.

Umesema siku zote napona. Ni kweli, napona. Ila hiyo haikuwa ruhusa. Ungeniambia mwezi wa tatu kwamba kazi yako imeshikwa koo, ningekwambia chukua jina, tumia, nitavumilia, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na wanao ni wangu. Ningekupa. Hukuniomba, ukaniibia, halafu ukanifanya niamini kwamba mwizi ni mikono yangu mwenyewe. Hilo ndilo sijui nitalipeleka wapi.

Rafu mpe unayemtaka. Meneja mwambie chochote, una kipaji hicho. Mimi sileti tena.

Neno la mwisho ni juu ya hili kreti nililolibakiza, lililokuja na barua. Siku ile ya Mei ninang'oa miche, shemeji yako alichukua michache bila kuniambia, akaipanda nyuma ya bafu panapotiririka maji ya kuogea. Mimi nilikuwa nimemnunia, sikuwa napita huko. Mwezi uliopita akanishika mkono kama kipofu akanipeleka. Mbegu ya Baba ipo. Niliketi kwenye tofali pale nikalia mpaka nikachoka, naye akaniletea kiti.

Nyanya zilizomo ni za miche hiyo. Si za kuuza. Ni za wifi na watoto, wazile mbichi na chumvi, wajue babu yao alikuwa anakula nini. Usihangaike kutafuta mbovu juu kama tulivyozoea. Hata zile zilizopinda nimezitoa zote, nimekula mwenyewe. Kitu kibaya kilichomo ni barua hii, ndiyo maana nimeiweka juu.

Dada yako